Plasta Nyuma ya Simu

Kavugho anachaji simu za watu katika kibanda cha mbao pembeni mwa soko, hapa Butembo, na mimi nauza vitenge katika kibanda kinachofuata. Kati yetu kuna ukuta wa mbao wenye tundu. Kwa tundu hilo tumepitishana chumvi, sindano, umbeya na hata matusi kwa miaka mingi. Nikisema namjua, basi namjua.

Ukimwona leo utadhani ni mtu asiyejali. Anapokea simu, anachomeka waya, anasema "Rudia mangaribi," anageukia nyingine. Wageni wa soko husema anaringa. Haringi hata kidogo. Kuna kitu ndani yake kimezimika, na mimi nilikuwapo kilipozimika, kwa hiyo acheni nieleze mimi badala ya hao wanaoeleza bila kujua.

Zamani alikuwa na mdomo huyu. Wateja wake wengi hutoka milimani ambako hakuna umeme, na desturi yetu ni hii: ukiacha simu ichajiwe, unabandika nyuma yake kipande cha plasta, ile nyeupe ya dispensari, isije ikachanganywa na nyingine. Unaandika jina lako, unaandika namba ya mke au ya ndugu, na kwa kuwa watu ni watu, unaandika na namba ya siri usije ukaisahau. Yote kwenye plasta moja. Huko Kalunguta, milimani, ambako kwa kuogopa vita watu hulala na mzigo umefungwa karibu na mlango, plasta ilikuwa na kazi nyingine ambayo hatupendi kuitaja. Ukiokotwa njiani huwezi kusema, atakayekuokota atasoma na kupiga.

Kavugho alizichukia plasta. Mteja wake mmoja aliibiwa simu asubuhi, na kabla ya saa sita mwizi alikuwa amekomba pesa zote zilizokuwa ndani ya simu, maana namba ya siri alipewa mgongoni. Tangu siku hiyo Kavugho akawa mwalimu bila kuombwa. Aliwaambia watu wasitaje kwa yeyote namba zinazoingia kwa ujumbe, hata kama anayepiga anajiita bosi wa kampuni. Aliwaambia wapige picha vitambulisho vyao na wazihifadhi pia kwenye simu ya mtu wanayemwamini. Aliwaambia betri ya akiba ijae wakati wote, kwa sababu siku ya kukimbia hutapata pa kuchomeka waya. Baada ya misa aliwasimamisha akina mama wa parokia uani na kuwahubiria mikono kiunoni, nasi tukamsikiliza huku tukitafuta njia ya kutoroka. Na plasta alizibandua mwenyewe, mbele ya mwenye simu, bila hodi.

Mumewe, Lusenge, alikuwa mrefu na mpole, mtu wa kucheka kwa mabega tu bila sauti. Mungu hakuwapa mtoto, na sikuwahi kusikia mmoja akimlaumu mwenzake kwa hilo. Alikuwa na shamba la kahawa na maharagwe Kalunguta, akikaa huko siku za kazi na kurudi Jumamosi. Simu yake ilikuwa ile ndogo ya vibonyezo yenye tochi. Jumamosi moja Kavugho aliichukua kuichaji, akaigeuza, akakuta plasta: LUSENGE, MUKE KAVUGHO, namba yake ya simu, na chini kabisa namba ya siri.

"Na weye pia?" akasema. "Bibi yako anafundisha batu bote, na weye unatembea na code ku mugongo?"

"Naisahauka, Kavugho. Na namba yako, haiko mu kichwa."

"Utaishika. Tunaweka mwaka ya ndoa yetu. Kama unasahau ile, usirudie ku nyumba."

Tulicheka, mimi kwa upande wangu wa tundu. Aliibandua plasta nzima kwa mkupuo mmoja, akaifinyanga kama kitonge cha ugali, akaitupa. Kisha akafunga simu, akafunga na kadi iliyo ndani, kusudi hata mwizi akiizima na kuiwasha, isishike mtandao mpaka aandike ule mwaka. Ilikuwa kazi safi, na katika mambo ya wezi hakukosea popote.

Wiki chache baadaye risasi zililia milimani juu ya Kalunguta, na watu wakaacha nyumba zao. Kavugho akapiga simu ya mumewe. Sauti ya mashine ikamjibu kwamba haipatikani. Akapiga tena na tena, sauti ni ile ile. Waliokimbilia upande wetu walifika na magodoro kichwani na mbuzi wao, naye akasimama barabarani akiwatazama mmoja mmoja. Lusenge hakuwamo. Tulizunguka hospitali za Butembo, tukaingia kila kanisa walikolala wakimbizi, tukauliza hadi ndimi zikachoka. Kila tulipokaa kupumzika, aliandika ujumbe.

"Simu imezimwa, unamwandikia nani?" nikamuuliza.

"Ikiwaka, atasoma."

Ikapita karibu wiki. Ndipo mtu wa Kalunguta, aliyekuwa amempeleka mtoto wake hospitali huko Beni, akaja kumwambia Kitsa, kaka yake Lusenge, kwamba wodini aliona koti la kijani lenye kiraka cha bluu likining'inia juu ya kitanda cha mtu aliyefungwa bandeji kichwa kizima. Kiraka kile nilikishona mimi, kwa kipande cha kitenge changu. Tukapanda gari siku hiyo hiyo, Kitsa, Kavugho na mimi. Njiani Kavugho alishikilia kapu lenye termosi ya uji na sabuni.

Kitandani tulimkuta mtu mwingine. Koti halikuwapo.

Muuguzi aliitwa Audrey, msichana aliyeletwa kazini kutoka Kisangani. Alitusikiliza, akamtazama Kavugho, akaenda kabatini akarudi na mfuko wa plastiki. Koti lilikuwamo, na viatu, na ile simu ndogo.

"Pole sana, maman," akasema. "Amekufa jana asubuyi."

Mimi nililia palepale, sauti yangu ikajaza ukumbi. Kavugho aliweka kapu chini, akanyoosha mshikio wake usilale upande.

Audrey akaeleza polepole, kama alivyosikia kwa waliomleta. Njia ya kuja kwetu ilikuwa imeshafungwa alipofika, kwa hiyo Lusenge alipanda nyuma ya pikipiki iliyokuwa ikikimbilia Beni. Ikaanguka kwenye kona. Waliomwokota waliokota na simu, kifuniko kimefunguka na betri imeruka nje. Audrey alirudisha betri, akaiwasha, ikaomba namba ya siri. Akajaribu sifuri nne, ikakataa. Akaacha, akiogopa kuifunga moja kwa moja.

"Nilitafuta ku mugongo kama kuko namba ya famille. Batu ya huku banaandikaka. Hakukuwa kitu. Tulipitisha communiqué ku radio ya hapa, mais hakuna mutu alikuja."

"Alikuwa anasema?" Kavugho akauliza.

"Hapana. Alikuwa na pumuzi tu. Hakuwa na garde-malade, mutu wa kumuchunga, donc ni miye nilikuwa namusafisha."

Yeyote wa kwetu anajua maana ya hayo. Mgonjwa wetu hawi peke yake. Daima kuna dada au mke anayelala chini ya kitanda, anayemwosha, anayempikia, anayekimbilia dawa. Mtu kulala siku zote hizo hadi kufa bila ndugu hata mmoja pembeni, na mkewe yuko mwendo wa nusu siku tu akimwandikia ujumbe, ni jambo ambalo hata leo linanichoma nikilitaja.

Kavugho akachukua simu, akaiwasha. Ikaomba namba. Akaandika mwaka wa ndoa bila kutazama vibonyezo. Skrini ikawaka, ikatafuta mtandao, ikaupata, halafu ikaanza kutetemeka mkononi mwake, mara ya kwanza, ya pili, tena na tena, ikiingiza jumbe. Zote zilitoka kwake. Uko wapi. Niko ku barabara. Kama huna unité za kupiga fanya bip tu. Nimekuwekea maharagi. Uko wapi.

Alingoja iishe. Kisha akaizima na kuirudisha mfukoni mwa koti.

Kitsa alikuwa amesimama dirishani. Aligeuka, na uso wake sikuutambua.

"Ni weye ulifunga," akasema. "Ndugu yangu amekufa sawa mutu bila jina, juu ya akili yako ya mingi."

"Ndiyo, shemeki," akajibu Kavugho.

Hakujitetea wala hakuomba radhi. Alisema ndiyo kama anavyomwambia mteja kwamba simu yake imejaa. Mimi ndiye niliyemrukia Kitsa kwa maneno nisiyoweza kuyaandika hapa. Pikipiki haikuangushwa na Kavugho, wala risasi hazikutoka kwake. Lakini Kitsa alishafunga moyo. Tulimrudisha Lusenge Butembo, tukamzika, na matanga yalipokwisha, ukoo wa Lusenge ulichukua viti vyao na sufuria zao, wakaacha kumsalimia hata kanisani. Wazazi wake Kavugho walikufa zamani. Nyumbani akabaki yeye.

Katika matanga walikuja na wale wa kufundisha. Mmoja akasema Mungu ana makusudi yake, mwingine akasema afadhali angeacha simu wazi tu. Nilitamani kuwafungia wote jikoni. Kavugho aliwaletea chai.

Siku aliyofungua tena kibanda, nilisikia mkasi upande wa pili wa tundu. Nikachungulia. Ameshika simu ya mzee mmoja wa Manguredjipa, yenye plasta ndefu iliyoandikwa kila kitu. Alibandua plasta yote, akaikata vipande viwili. Kile chenye namba ya siri akakichoma kwa kiberiti. Kile chenye jina na namba ya mke akakirudisha mgongoni, akakipiga pasi kwa kidole gumba mpaka kikashika.

"Ile ya siri inabakia mu kichwa," akamwambia. "Hii ya kuita famille inabakia huku. Usitoshe, usibandue."

Ndivyo anavyofanya hadi leo, kwa kila simu. Zile kubwa za kugusa anaingia ndani yake, anaandika mtu wa kuitwa wakati wa hatari, anahakikisha jina hilo linaonekana hata simu ikiwa imefungwa, kisha anampa mwenyewe aone. Hahubiri tena, wala mikono haipandi kiunoni. Anaeleza mara moja, kwa sauti ya chini, na asiyefuata harudishiwi simu mpaka afuate.

Mwezi uliopita, mvua ilipokuwa imefukuza wateja, alinipitishia simu yake mwenyewe kwa lile tundu. Nyuma yake kulikuwa na plasta mpya, nyeupe kabisa. Ameandika KAVUGHO, kwa herufi kubwa, na chini yake hakuna kitu.

"Mama Solange," akasema, "ya kwangu niandike nani?"

Nilipandwa na hasira, sijui kwa nani. Nikachukua kalamu ninayotilia alama vitenge, nikaandika jina langu na namba yangu kwa haraka, nikaisukuma simu irudi kwake. Akaisoma kwa muda mrefu. Halafu simu ikatokeza tena tunduni.

"Saba yako inafanana na moja," akasema. "Tia mustari katikati. Batakosea."

Nikatia mstari.