Mwaisha na Mnyama wa Katikati

Mwaisha binti Pazi alikuwa mfinyanzi, Mluguru wa upande wa Matombo, na mikono yake ilijua kuunga. Chungu kikipasuka, wewe mletee vipande tu. Atakurudishia chungu kizima, utafute ufa usiuone.

Wajerumani walikuwa wameshafikisha reli yao Morogoro pale alipokuja milimani mwenzao mmoja mrefu, mwekundu wa shingo, akapiga mahema karibu na mapango ya mawe ya chokaa ya Kimboza. Hakutaka dhahabu wala mpira. Alitaka mifupa ya wanyama waliokufa zamani mno, hata mawe yakawameza. Watu wakamwita Bwana Meno.

Maneno, mdogo wake Mwaisha, ndugu wa tumbo moja, aliandikwa kazi ya kuchimba. Mifupa ilitoka vipande vipande, na Bwana Meno akawa anatukana kutwa nzima. Ndipo Maneno akamwambia, "Bwana, ninaye dada yangu, fundi wa kuunga." Mwaisha akaitwa.

Miezi mitano alikaa kwenye mkeka penye kivuli cha hema, akiunga mafuvu na mifupa ya miguu kwa sandarusi, utomvu mgumu wa mti, iliyoyeyushwa. Walikuwa wanyama jamii ya paka, wakubwa kama simba na chui, ila chonge zao za juu zilishuka hadi chini ya kidevu. Bwana Meno alipenda kusema, na Kiswahili alikijua.

"Huyu chonge zake ni fupi kidogo, bapa, zina makali ya msumeno," alisema. "Na huyu zake ni ndefu, laini, kama jambia. Wa kwanza ni babu, wa pili ni mjukuu. Kila kizazi chonge zilirefuka, mpaka mnyama akashindwa kula, akafa njaa. Ni ukoo mmoja, umenyooka kama reli. Nikimpata wa katikati, jina langu litasomwa Ulaya nzima."

Mwaisha aliligeuza fuvu mapajani. "Lakini bwana, Maneno amewatoa wote kwenye udongo mmoja, ule mwekundu wa chini. Babu na mjukuu wa mbali hivyo wamelalaje pamoja? Tena huyu wa msumeno miguu yake mirefu, ni mkimbizaji. Yule wa jambia mikono yake mifupi, minene, huyo ni wa kuvizia na kukumbatia. Mimi naona walikuwa majirani, kila mmoja na uwindaji wake."

Bwana Meno alicheka. "Wewe unga. Kufikiri niachie mimi."

Masika yalipoingia, njia ya kutoka pangoni ikawa utelezi mtupu. Maneno alikuwa amebeba fuvu zuri kuliko yote, la yule wa jambia, amelikumbatia kifuani. Mguu ukateleza. Alianguka chali ili fuvu lisigonge mwamba, na kweli fuvu lilipona, ila chonge moja ilikatika.

"Kipande hiki hapa, bwana!" alisema, akikiinua. "Dada ataunga leo hii!"

Bwana Meno hakukitazama. Alimwita Ahmadi, mnyapara. "Hamsa ishirini," alisema.

Ahmadi alikuwa mtu wa kijijini hapohapo, aliyecheza na Maneno utotoni. Alishika kiboko akapiga ishirini na tano, wala hakupunguza hata kimoja. Mwaisha alizuiwa na askari wawili, akahesabu kwa sauti mpaka sauti ikamkauka.

Vidonda vilioza. Mwaisha aliviosha kwa maji ya majani, akakesha naye. Siku ya tisa Maneno akafa. Bwana Meno alipeleka sanda, na salamu kwamba kazi ya fundi bado ipo.

Arobaini ilipopita Mwaisha alirudi hemani. Wanawake wenzake walimsengenya, wakisema njaa haina haya. Yeye akatandika mkeka wake. Ahmadi alimkuta mkekani, akasimama mbali.

"Umerudi, dada?"

"Nimerudi. Na nina kazi na wewe."

Alichukua fuvu la yule wa msumeno, akang'oa chonge zake mbili. Akachukua chonge za jambia, ile aliyoivunja Maneno na nyingine iliyopatikana imekatika, akazisaga ubavuni kwa jiwe hadi zikawa bapa nusu. Akaunga mashina ya zile za msumeno na ncha za hizi za jambia, akazirudisha fuvuni. Penye maungio alipaka sandarusi iliyochanganywa na unga wa chokaa na vumbi la mfupa, akachora makali ya msumeno kwa sindano, yakaishia katikati ya jino. Kazi ilimchukua wiki tatu, akiifanya nyumbani, na Bwana Meno alidhani anaunga yaliyovunjika kama kawaida. Ilipokwisha, hata yeye alilazimika kupapasa ili ajue wapi mmoja ameishia na wapi mwingine ameanzia.

Akampelekea Ahmadi ndani ya kapu. "Kamfukie pangoni, katikati ya udongo mwekundu na ule mweupe ulio juu yake. Mkono uliopiga ndio utakaofukia."

Ahmadi alichungulia ndani ya kapu. "Akigundua, ataniua."

"Basi utakuwa umekufa kama Maneno. Nenda."

Siku nne baadaye mchimbaji mmoja alipiga ukelele. Bwana Meno aliingia pangoni akatoka na fuvu mikononi, machozi yakimtiririka. Alimwita Mwaisha aje aone. "Wa katikati!" alisema. "Unaona sasa?"

"Naona, bwana," alijibu Mwaisha, na moyo wake ukawa mtamu kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Barua zilikwenda Ulaya. Kiangazi kilichofuata akaja mzee mmoja, bingwa wa mifupa, aliyeshuka Morogoro kwa gari moshi na kubebwa kwa machela hadi Kimboza. Alikuja na Wajerumani wengine watano waliotaka kushuhudia. Meza ikatandikwa kitambaa, fuvu likawekwa juu yake.

Mzee alilitazama kwa kioo cha kukuzia. Kisha akaomba spiriti. Alilowesha kitambaa, akasugua chonge moja polepole. Sandarusi ikalainika. Ncha ikadondoka mezani, ikabingirika, ikasimama mbele ya Bwana Meno.

Mzee alisema maneno mengi kwa Kijerumani, na mmoja wa wageni akacheka. Mpishi wa kambi, aliyeijua lugha ile, alikuja kumweleza Mwaisha: mzee amesema chonge ndefu ziliota mara nyingi, katika nchi nyingi, hata kwa wanyama wasio paka kabisa. Hakuna reli. Ni kichaka chenye matawi kila upande, na Bwana Meno ameghushi tawi.

Jioni Bwana Meno alikuja peke yake mahali Mwaisha alipokuwa akianika vyungu.

"Ni wewe."

"Ni mimi."

"Nitakupeleka bomani."

"Nipeleke. Uwaambie mfinyanzi wa Kiluguru alikutengenezea mnyama, nawe ukamlilia kwa furaha. Nami nitawaambia chonge ile aliivunja nani, na ulimfanya nini."

Bwana Meno akavaa kofia yake. Kisha akageuka akaenda. Hakumpeleka popote, maana aibu ile ingekuwa kubwa kuliko ya kwanza.

Mzee alikataa kuchukua hata mfupa mmoja. Ya kweli na ya uongo, yote ilikuwa imeshapakwa tope moja. Wapagazi waliamriwa kumwaga masanduku mtoni Ruvu, na Mwaisha alikwenda kuangalia. Mafuvu aliyoyaunga kwa miezi mitano yalizama moja baada ya jingine. Yale ndiyo yangeweza kumthibitishia yule mzee kwamba wanyama wale wawili waliishi pamoja. Moyo ulimuuma, lakini hakunyoosha mkono kuokoa hata kipande. Bwana Meno aliondoka kabla ya vuli, na hakuna aliyesikia jina lake tena.

Ahmadi alimjia kuomba radhi, mara moja kwa mdomo, mara ya pili na mbuzi. Mwaisha alimrudisha na mbuzi wake. Kila walipokutana njiani Ahmadi alimwamkia, naye akapita kama amepita mti. Mwishowe Ahmadi akahamisha watu wake, akaenda kuishi Turiani. Mwaisha alipoambiwa, aliuliza tu kama Turiani ni mbali. Wakamwambia ni mbali. Akaendelea kukanda udongo.