Makofi Yasiyo Yetu

Enzi zetu, gari geni likiingia kijijini, watoto tulilikimbilia na wakubwa waliuliza limetumwa na nani. Ilikuwa miaka ile gesi ilipogunduliwa baharini. Walikuja watu wa kupima ardhi, wakaja wa kuhesabu minazi, wakaja wa kupiga picha nyumba zetu, na wote walitabasamu mno. Bibi yangu, mama yake mama, hakumwamini hata mmoja. Akiona kamera alijifunika kanga uso mzima, na mpaka leo hatuna picha yake.

Ndipo ikaja bendi ya roki kutoka mji wa Pemba, si kile kisiwa, vijana wa magitaa na nywele ndefu, wakizunguka pwani kupiga muziki bure. Neno hilo bure ndilo lililowaponza. Sisi watoto tuliacha mpira wetu wa matambara, tukakaa mbele kabisa uwanjani baada ya alasiri, mihogo ya kuchoma mikononi. Hata moshi wa jenereta yao tuliona unanukia. Lakini wakubwa walikuwa wanatazama maikrofoni zilizofungwa mitini, zikielekezwa kwetu badala ya kwa waimbaji.

"Estamos a gravar," alisema kijana wa bendi, kisha akaeleza kwa Kiswahili kwamba wanarekodi, tushangilie kwa nguvu, tutasikika kwenye diski.

Bibi alikuwa nyuma yetu. "Nyamazeni, wajukuu zangu. Watu hawa mwawajua? Kesho watasema mlishangilia, basi mmekubali kuhama kuipisha gesi yao."

Maneno yale yakapita mdomo kwa mdomo, na uwanja mzima ukanyamaza. Bendi ilitoka jasho ikipiga nyimbo zake zote kama iko msibani. Mguu wangu ulianza kucheza wenyewe, Bibi akaukanyaga.

Diski zilipofika madukani Palma, kila kijiji walichopita kilikuwa na yake. Tuliweka yetu, tukasikia makofi, miluzi na vigelegele vya sikukuu. Tukatazamana. Wengine walisema yamechukuliwa kijiji cha Quiterajo. Mjomba akasema, "Si mnaona? Bibi yenu aliwaambia." Tangu siku hiyo, nikisikia watu wanashangilia redioni, najiuliza ni watu wa wapi.

Vijana wa leo hawana wasiwasi huo. Wali haujapoa umeshapigwa picha, wanajirekodi hata wakilia, na wanawarushia watu wasiowajua. Nawacheka, ila nawaonea wivu. Wao watakuwa na bibi zao.

Tulihamishwa hata hivyo. Sasa tunaishi Quitunda, kwenye nyumba za bloku, na Bibi alifia hapa. Nilidhani hakuacha chochote cha kuona wala kusikia, mpaka hivi karibuni nilipoingiza nyimbo za diski ile kwenye simu na kuzisikiliza kwa makini. Kabla ya gitaa la kwanza, kabla ya yale makofi ya uongo, jogoo anawika, kisha inakuja sauti ya mwanamke, hafifu: "Nyamazeni, wajukuu zangu." Nililia kama mtoto.

Mama huniomba nimwekee kila Ijumaa. Nakata kabla makofi hayajaanza. Zamani kijiji kizima kilimtii. Siku hizi tumebaki mimi, mama na wanangu sebuleni. Bibi anasema tunyamaze, nasi tunanyamaza, tukitamani aseme tena.