Kambi Ambayo Soda Ililipwa kwa Dhahabu

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Mtu aliyetoka kijijini Baray na darasa la nne, akaingia chini ya ardhi, akaibuka na nyumba tatu Karatu mjini, amebakiza nini cha kushangaa? Nyinyi vijana mnaoulizia kazi ya kukagua migodi midogo, nisikilizeni. Mimi niliifanya bila cheti, na wenye vyeti walinifuata.

Siku ya kwanza kazini, kule machimbo ya Kanda ya Ziwa, nilitegemea kupewa nyundo na tindo. Meneja wa Duara, na duara ni lile shimo la kufuatia mwamba wenye dhahabu, akanitazama juu mpaka chini.

"Wewe Mmbulu, una masikio?"

"Ninayo, bosi."

"Nenda kwa mama ntilie. Usile. Sikiliza tu kama anakopesha."

Nikarudi nikamwambia anawakopesha wachimbaji wote mpaka siku ya kuosha mawe. Akapiga makofi. "Basi mwamba upo! Jiwe unaweza kulipaka dhahabu ukamuuzia mjinga. Mama ntilie hapakwi."

Shule yangu ndiyo hiyo. Nikapanda, nikasimamia karasha, mashine ya kusaga mawe. Kisha nikawa chini ya Mwenye Leseni mmoja mkali kama siafu, aliyenituma kukagua marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa ambao bado una chochote ndani. Alisema mbele ya mainjinia wawili, "Nyinyi mnapima mawe, Lohay anapima watu." Niliporudi Karatu, wafanyabiashara wakawa wananilipa nikawatazamie mgodi kabla hawajaweka pesa. Jibu langu lilikuwa ndiyo au hapana. Sikukosea hata mara moja, na asiyeamini aulize sokoni.

Sasa, juzijuzi tu, akaja Bi Zuhura mwenye duka la jumla. Mtalii mmoja aliyetoka kreta kutazama wanyama alikuwa amemwonyesha shemeji yake picha za kambi ya dhahabu, huko Amerika ya Kusini, robo yake inauzwa. Bi Zuhura alitaka kuuza ghala aliloachiwa na marehemu mumewe, na ghala hilo ndilo linalosomesha watoto wake watatu.

"Kaka Lohay, nenda ukanitazamie. Ukisema ndiyo, nauza. Ukisema hapana, nalala."

"Hajati, hesabu nimeshafika."

Ndege tatu, kisha mtumbwi wa injini, mto mpana na msitu usio na mwisho. Duara hakuna! Wale wenzetu wanapiga ukingo wa mto kwa mpira wa maji, tope linateremka juu ya mazulia, dhahabu inanasa kwenye manyoya. Hilo nikalielewa upesi. Nikamtafuta mama ntilie. Hayupo. Meneja wa Kambi, mtu mnene mcheshi, akanisukumia sahani ya wali.

"Hapa chakula ni bure. Kula."

"Na wiki wakikosa dhahabu?"

"Bure vilevile."

Kiingereza changu ni kile cha watalii, nikadhani nimekosea kusikia. Nikamuuliza tena, akaniongezea wali. Chakula cha bure hakikopeshwi, kipimo changu kikakosa pa kuanzia.

Lakini duka lilikuwepo. Mchimbaji alifungua kikaratasi, akamwaga punje za dhahabu kwenye mizani ndogo, akapewa soda. Mwingine, sigara. Soda inalipwa kwa dhahabu! Unataka ushahidi gani tena? Nikajikalia pale kama mfalme, nikamsemesha mama muuzaji.

"Mama, dhahabu hii unaipeleka wapi?"

"Kwa bosi. Duka lake."

"Na bosi anaifanyia nini?"

"Jumamosi anawalipa vijana mshahara."

"Kwa pesa?"

Akacheka mpaka akashika meza. "Baba wee, pesa huku msituni? Kwa dhahabu!"

Ni kama umwone mtu kwa wafugaji pale Nainokanoka ananunua sukari kwa mbuzi, na wiki ijayo mbuzi yuleyule yumo zizini kwake. Je, dhahabu ilikuwa inatoka ardhini, au ni ileile inazunguka? Nikamwambia Meneja anioshee mazulia mapya mbele ya macho yangu. Mwizi angekataa. Yeye akakubali, tena kwa furaha, jambo lililonichanganya zaidi. Ikatoka dhahabu, si nyingi ya kununulia mgodi, si kidogo ya kukufanya ukimbie. "Mvua," akasema, "mvua ndiyo inatuharibia." Na kweli mvua ilikuwa inanyesha.

Kurudi Karatu, nilimkuta Bi Zuhura dukani na shemeji yake.

"Haya kaka, ndiyo au hapana?"

"Sijui."

"Hujui nini?"

"Sijui kama ni nyingi au ni ileile."

Shemeji akaangua kicheko. "Bingwa wa Karatu huyo!"

Bi Zuhura hakucheka. "Basi siuzi," akasema. Kisha akanikazia macho. "Fundi akishindwa kushona, kitambaa hurudisha. Nauli yangu je?"

Neno moja lingenitosha, lolote kati ya yale mawili, na angenimalizia malipo yangu na shukrani juu. Halikutoka. Kazi nikaiacha siku hiyohiyo, sikungoja anistaafishe mtu.

Sasa nalima vitunguu. Watu huniuliza kambi ile iliishia wapi, nawaambia sijui, wanadhani nawaficha. Mimi mwenyewe bado naigeuzageuza na sioni pa kuishika. Ghala la Bi Zuhura lipo, limejaa mahindi mpaka mlangoni, na watoto wako shule. Mimi niliuza pikapu, nikamrudishia tiketi, viza, mtumbwi na malipo ya awali: shilingi milioni kumi na moja, laki nne na elfu sitini.