Sifuri Niliyomwandikia Mzee Marwa

Mwanangu, hadi leo nikiikumbuka asubuhi ile ya chanjo ya ng'ombe kijijini Nyambureti, mwili hunisisimka. Nilikuwa binti niliyetoka chuo juzi tu, najiona nimeimaliza dunia. Nilikuwa nimeandika programu kwa lugha ya C. Karani anapita nyumba kwa nyumba, anaandika jibu analopewa kuhusu idadi ya ng'ombe, kisha programu inageuza maandishi kuwa namba na kutoa orodha ya dozi za kubeba.

Sasa wewe unawajua wazee wetu. Kutaja idadi ya ng'ombe wako ni kuwaitia mkosi. Mzee Marwa alipoulizwa anao wangapi, alijibu, "Wapo." Karani, mtu mtiifu, akaandika hivyo hivyo.

Mimi nilitumia atoi, kitendakazi cha C cha kugeuza maandishi kuwa namba. Ah, atoi! Ukiipa neno lisilo na namba haigombi wala haiulizi. Inakurudishia sifuri, ile ile ya mtu asiye na hata ndama.

Siku ya chanjo ng'ombe wa Mzee Marwa wakateremka kilimani, na vumbi likaficha jua. Nilishika mdomo kwa mshangao. Nikatazama orodha: Marwa, sifuri. Dozi tulizobeba ziliwatosha wengine tu, na homa ya mapafu ilikwisha kuingia kijiji cha jirani.

"Shikamoo mzee," nilisema. "Kompyuta imekosea."

"Marahaba. Nani aliifundisha?"

"Mimi, mzee."

"Basi sikia, binti. Nilisema wapo. Kama haikunielewa, si ingeuliza? Asiyejua hasemi hakuna."

Dozi nyingine zilipoletwa, ng'ombe wake saba walikuwa wamekufa kwa homa hiyo, akiwemo aliyewapa wajukuu zake maziwa. Majuto ni mjukuu. Nililia mbele yake bila aibu.

Niliiandika upya programu. Mwaka uliofuata mzee akajibu tena, "Wapo," na safari hii programu ikakataa, ikataka aulizwe upya. Nilikwenda mwenyewe. Mzee alinivuta pembeni, akaninong'oneza idadi yao. Yule mzee! Baada ya yote yale, aliniamini mimi kwa jambo asilowaambia hata wanawe.

Kwa hiyo, mwanangu, nawe unapoandika programu, maneno ya watu usiyape atoi. Tumia mwenzake strtol, nayo itakuonyesha iliposimama kusoma. Isiposogea hata herufi moja, hapo hapana namba. Ikisimama njiani, kama mtu ameandika "40 na ndama", usiyatupe yaliyobaki. Na errno, alama ambayo C huwekea makosa, iweke sifuri kabla ya kuanza, uitazame ukimaliza, maana namba huweza kuzidi chombo ulichoiandalia. Usipoelewa, rudi kwa mwenyewe. Kuuliza si ujinga.

Mungu akupe subira ya kusikiliza, na akujalie watu watakaokuamini kiasi cha kukunong'oneza.