Choo cha Kuku

Jana nilipita mahali mafundi wanajenga duka, harufu ya saruji mbichi ikanipiga puani, nikasimama njiani natabasamu peke yangu. Wengine hukumbuka utoto wao kwa harufu ya maandazi au ya mvua ya kwanza. Mimi ni saruji. Hunirudisha kwetu, chini ya kilima cha Manga, msimu ule tulipoambiwa chemchemi yetu itajengewa ukuta na kutiwa bomba.

Mpaka wakati huo tulikunywa pamoja na ng'ombe. Wao walidamka mapema kuliko sisi, na kwato zao zilituachia uji wa tope tuliouchuja kwa leso ya mama. Mvua ikianza tu, ndugu yangu mdogo, Nyambane, aliharisha mpaka macho yakadidimia. Mara moja alipelekwa hospitalini Keroka akiwa mgongoni kwa mama, hata kulia hawezi, na mama alitembea akimwimbia nyimbo za Sabato ili asifumbe macho. Kwa hiyo habari ya bomba ilipofika, nilichachawa. Niliota nakunywa maji baridi bila kuyachungulia kwanza.

Lakini kulikuwa na sharti. Mama mmoja wa afya, mtu wa Pwani tuliyemwita Madam, alitueleza kwamba chochote kinachoachwa migombani, mvua hukiteremsha hadi kwenye chemchemi. Kila boma la juu lazima liwe na choo kinachotumika. Boma moja likikosa, saruji ingepelekwa kijiji kingine. Watu walichimba kama waliopagawa! Kutwa nzima ulisikia sururu zikigonga huku na kule, na wanaume waliozoea kukwepa kazi wakawa wanashindana nani ameingia chini zaidi.

Sisi hatukuwa na wasiwasi. Choo tulikuwa nacho, tena cha kujivunia. Baba alikichimba alipomwoa mama, kabla hajarudi Kericho alikofundisha. Kuta zilikandikwa vizuri, sakafu haikuwa na doa. Madam alipokuja kukagua, nilimwongoza mwenyewe, kifua mbele. Akafungua mlango. Kuku wetu mwekundu alikuwa ameatamia mayai pale ndani, akamtazama kama mwenye nyumba aliyebishiwa hodi saa mbaya.

Madam akainama. Nyasi zilikuwa zimeota mpaka kizingitini.

"Choo hiki hakina njia," alisema. "Hapa hakuna mtu mzima anayeingia."

Mama akatazama ardhi. Babu, mzazi wa baba, aliyekuwa kwenye kigoda chake mbali kidogo, akatazama kilima. Madam aliwabembeleza, akawaambia mficha uchi hazai, akawaeleza habari za minyoo na kipindupindu. Wapi! Mwishowe akasema angerudi Ijumaa, na kama hali ingekuwa ile ile, hangekuwa na la kufanya. Majirani waliokuwa wakichungulia kwenye ua waliondoka bila kuaga. Niliogopa. Maji ya kijiji kizima yalikuwa yamekwama kwetu.

Msomaji wangu, usidhani walikuwa wakaidi. Kwetu kuna kitu kinaitwa chinsoni, yaani heshima yenye haya ndani yake. Mzee na mke wa mwanawe hawapeani mikono, hawapishani mlangoni, na mambo ya chooni hawayataji hata kwa mafumbo. Madam alikuwa amewauliza wote wawili, tena mahali pamoja, neno ambalo wasingelijibu hata kwa viboko.

Ila mjukuu chinsoni haimshiki. Mjukuu na babu hutaniana watakavyo. Yeye aliniita mke wake, nami nilimwita Sokoro, yaani babu, au kibogoyo. Jioni ile nilimfuata kwenye majani chai.

"Mke wangu, mbona umenuna?"

"Sokoro, kwa nini huendi choo kama watu?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Wee! Ile ni ya mama yako. Alijengewa yeye, bibi harusi. Sasa mzee kama mimi nitaingia aje mahali bibi ya mtoto wangu ametoka?"

"Lakini mama haingiangi. Amesema ni yako. Ati hawezi kupita mbele yako akienda huko."

Kicheko kikakatika. "Nani amesema hivyo?"

"Mama mwenyewe. Nimemuuliza jikoni saa hii."

"Miaka yote hii?"

"Sijui. Muulize."

"Mimi nimuulize!" Akashika kichwa, akakigeukia choo chetu kizuri. "Kumbe tulijengea kuku."

Asubuhi yake hakunywa hata chai. Alichukua jembe na sururu, akaenda upande wa pili wa boma, nyuma ya chai, akaanza kuchimba. Vijana wa jirani walipomwona, walimpokea jembe, naye akabaki kuwaamuru mlango utazame wapi: kilimani, kabisa, usione nyumba ya mtu. Ijumaa Madam akakuta vyoo viwili.

"Na hiki cha pili cha nini?"

Nikaruka mimi. "Kimoja cha mama, kimoja cha babu, na kuku amehama!"

Hata mama alicheka, amejifunika uso kwa leso. Saruji ikaja. Siku bomba lilipofunguliwa, maji yalitoka meupe, yakaruka, yakatulowesha wote, na wanawake walipiga vigelegele mpaka ng'ombe wakakimbia. Nilikunywa hadi tumbo likauma. Nyambane alikaa chini ya bomba na nguo zake zote, na hakuna aliyemgombeza.

Kwa miaka mingi niliisimulia hadithi hii kama kichekesho. Kisha nami nikaolewa, nikapata mimba, na siku moja swali likanijia ambalo mtoto hakuliuliza. Nilimwendea mama, nikamuuliza: kama choo kile hakukiingia, alikuwa akienda wapi?

"Nilikuwa nangoja giza," alisema, akiendelea kuchambua mboga.

"Hata ukiwa na mimba ya Nyambane? Hata mvua ikinyesha?"

"Hata hapo. Ukishikwa mchana, unavumilia." Akacheka kama msichana. "Nyinyi siku ile ya bomba mlikuwa mkirukia maji. Mimi niliwaacha huko, nikarudi nyumbani peke yangu. Jua lilikuwa juu kabisa, mwanangu, nami nikaenda zangu chooni, nikafunga mlango."