Picha ya Mke Wangu kwenye Pakiti ya Unga

Mke wangu alikuwa sura ya unga wa ndizi. Shirika moja lilipowafundisha akina mama wa huku Uru kukausha ndizi na kusaga, likawanunulia na mashine, picha yake ndiyo iliyobandikwa kwenye pakiti. Mimi niliyeishia darasa la sita sijawahi kubandikwa hata ukutani kwangu.

Alifariki wakati wa masika. Pakiti zikaendelea kuuzwa sokoni, na yeye humo anacheka tu.

Jumapili moja wenzake wa kikundi wakaja na ndoo ya mbege. Kwetu mtu haji kuomba jambo zito mikono mitupu, na haombi kabla mwenye nyumba hajamaliza kata yake ya kwanza. Nikajua wanataka nini. Basi nikawa nailamba ile pombe kama paka, huku nawapigia hadithi.

"Shemeji, kunywa basi," akasema mwenyekiti wao.

"Nina jino bovu."

"Jino na mbege wapi na wapi?"

Wakacheka. Nikawapa hadithi nyingine, ya siku nilipounguza mtori mpaka mbwa akahama. Wakacheka tena, ila jua linazama na hawaondoki. Mwenyekiti akanishika mkono.

Nikamaliza kata.

"Shemeji, tunaomba tubadilishe picha. Wateja wanamuulizia, tunashindwa kuwajibu."

Nikawaambia sawa, ila wasiweke yangu, kikundi kitafilisika. Safari hii hakucheka mtu. Mmoja akaanza kulia, na mimi nikamfuata.