Mkanda, Spana na Mama Mkwe

Gari la baba mkwe lilikuwa likilia. Ukiliwasha asubuhi lilitoa ukelele mmoja mrefu, na akina mama kwenye kituo cha majani ya chai, kule bondeni, walijua mzee ameamka. Fundi wa Keumbu alishamwambia kwamba mkanda wa injini umechoka, pamoja na tenshona, ile roda yenye springi inayoukaza. Mzee akanunua vyote viwili vipya, akaviweka juu ya kabati karibu na kitabu cha nyimbo, akasema fundi atakuja Jumatatu.

Mimi nilifika Ijumaa. Kesho yake, siku ya Sabato, baba mkwe alikuwa awekewe mikono kanisani awe mzee wa kanisa, na mimi na mke wangu tulikuwa tumetoka Kebirigo kuja Manga kusaidia matayarisho. Saa nne mzee alipanda bodaboda kwenda Kisii mjini kuchukua suti kwa fundi cherehani. Mke wangu naye akaenda sokoni. Kabla hajaondoka aliniona nikiliangalia lile kabati.

"Usiguse gari la baba," akasema.

"Kwani nimeligusa?"

"Bado."

Ananijua. Niliacha shule darasa la saba, na tangu hapo nimefungua vitu vingi: redio, saa za ukutani, mashine ya kusaga mahindi ambayo haikuwa yangu. Kufungua sijawahi kushindwa. Shida huwa ni kufunga. Nyumbani kwa wakwe zangu nilijulikana kama mtu asiyemaliza kitu, na sikuwa na ushahidi wa kuwapinga.

Kufikia saa sita nilikuwa nimeinua gari kwa jeki, nimelikinga kwa mawe na gogo, nimetoa gurudumu la mbele, na mkanda wa zamani uko mkononi mwangu. Nilitaka tu kuona ulivyopasuka. Ulikuwa umepasuka vizuri sana. Ndipo nikakumbuka kwamba sikuchora mahali ulipopita. Mkanda ule huzunguka puli sita, mara juu, mara chini, mara nyuma, kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea.

Sasa gari halingeweza kwenda popote. Jua likizama Sabato inaingia, na katika boma lile hakuna anayeshika spana baada ya hapo, wala anayelipia bodaboda. Mzee angekwenda kwa miguu kuwekewa mikono, suti mpya ikila vumbi la njia nzima, na kila aliyekutana naye angeambiwa sababu ni mimi.

Tenshona haikunisumbua, nilifungua boliti, nikatoa ya zamani, nikafunga mpya. Mkanda ndio ulionila saa nne nzima. Hatimaye niliona kwamba upande wake mmoja una mistari na mwingine ni laini, na puli nazo ni hivyo hivyo, nyingine za mistari, nyingine laini. Nikaanza kuzioanisha. Saa kumi na moja mkanda ulikuwa umekaa kila mahali isipokuwa puli ya chini kabisa. Hapo alihitajika mtu wa kuivuta tenshona kutoka juu huku mimi nikiuingiza mkanda kutoka chini.

Nyumbani alikuwepo mama mkwe peke yake.

Kwetu kati ya mkwe na mama mkwe kuna chinsoni, heshima iliyochanganyika na aibu. Hamkaribiani ovyo, na kuna maneno ambayo hayatamkwi kati yenu. Zaidi ya yote, hatakiwi kukuona umelala chali, miguu huku na huku, suruali imepanda hadi magotini. Hivyo ndivyo alivyonikuta.

Hatua zake zilisimama. Zikarudi nyumbani, zikaja tena, na leso ikaanguka juu ya miguu yangu. Kisha nikamsikia akisema, na kwa sauti yake nilijua ameugeuzia uso mlima.

"Wewe gari, muulize huyo aliye chini yako kama mzee atatembea kesho."

"Gari," nikajibu, "mwambie mama kuna spana hapo juu, nimeivalisha bomba. Akiivuta, mkanda utaingia."

"Gari, muulize, aivute kuelekea wapi?"

Nikafumba macho. Upande mmoja wa gari kulikuwa na jiko. Upande wa pili, ule niliouhitaji, kulikuwa na choo.

"Kule ambako si jikoni," nikasema.

"Gari, mwambie kule ambako si jikoni ni Kenya nzima."

"Kule kwenye migomba."

"Migomba iko pande zote."

"Kule ambako mtu... huenda."

"Sokoni?"

"Karibu zaidi."

Kuku akapita chini ya gari, akaniangalia, akaendelea na safari yake.

"Gari," akasema mama mkwe polepole, "mwambie aseme choo. Jua halimngoji."

Sikusema. Lakini bomba lilikwenda upande ule ule, likivutwa na mwanamke aliyebeba mikungu ya ndizi maisha yake yote. Roda ikalegea, mkanda ukaruka juu ya puli. Nikaliomba gari limwambie asiachie ghafla, kwa sababu vidole vyangu vilikuwa bado mle. Akaachia taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

Nilipokaza nati ya mwisho ya gurudumu, jua lilikuwa limegusa mlima. Nikawasha. Injini ikanguruma, na zaidi ya hapo hakuna sauti. Baba mkwe alishuka kwenye bodaboda, suti begani, akasimama akisikiliza.

"Nani amefunga?"

"Mkwe wako," akasema mama mkwe.

"Peke yake?"

"Alikuwa na gari."

Mzee akalitazama gari, akanitazama mimi, akaingia ndani. Tulipokusanyika kuipokea Sabato, mke wangu akiwa hanisemeshi tangu arudi sokoni, baba mkwe alifunga Biblia na kunitaja mimi nitoe sala. Hajawahi kuniomba hata nifungue lango. Nilisimama, mikono nyuma, kwa kuwa sabuni ya mche ilishindwa kuiondoa grisi. Mama mkwe alikuwa ameinamisha kichwa, na mikono yake nayo ilikuwa imefichwa chini ya leso.